Shangazi na Mirija ya Siku ya Kumi na Nne

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, fundi mkuu wa maabara yetu ya seli atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Katika muda wote huo hajawahi kuchukua likizo iliyozidi siku kumi na tatu. Ofisi ya utumishi ilimwandikia barua mara tatu kumkumbusha haki yake. Alizisoma, akashukuru, akaendelea na kazi.

Sote tunamwita Shangazi. Jina hilo lililetwa na binti wa kaka yake aliyewahi kusoma hapa. Binti alihitimu akaondoka, jina likabaki, na leo hata mkurugenzi, anayemzidi miaka mitatu, humwita hivyo bila aibu.

Alianza kwa mkataba wa wiki mbili wa kuosha vyombo vya kioo. Aliviosha vikang'aa, kisha akaanza kuuliza kilichokuwemo kabla hajaviosha. Mwaka wa pili alikuwa akienda masomoni jioni, na mchana ameinamia hadubini. Ndipo alipokabidhiwa mirija ya mwani: viumbe vya kijani vya seli moja moja, vinavyoogelea kwa kupiga silia mbili. Silia ni vinywele vyembamba vinavyochomoza juu ya seli, nasi tunavyo, kwenye mapafu, kwenye figo na kwingineko.

Wageni wakiuliza tunatafuta nini, maprofesa huwasha projekta. Shangazi hueleza kwa dakika moja. Ndani ya silia hakuna karakana ya kutengenezea protini. Protini hutengenezwa chini, kwenye mwili wa seli, kisha wapagazi, ambao nao ni protini, huzibeba hadi nchani na kushuka na zilizochakaa. Ni kama ghorofa linalojengwa: zege hukorogwa chini, mafundi wako juu. Wapagazi wakigoma, hakuna ujenzi.

Katika mirija yake kulikuwa na ukoo mmoja usio na silia. Hawakuogelea. Walilala chini kabisa, na maji juu yao yalikuwa meupe kama ya kunywa. Watafiti wakawabandika jina la Wazembe, na mkurugenzi wa wakati ule, akitaka nafasi kwenye rafu yenye taa, aliagiza mara mbili watupwe. Shangazi, anayetii kila agizo hadi lile la kuzima feni, hayo mawili hakuyasikia. Alishikilia kwamba hawajafa: wanakula, wanagawanyika, rangi yao ni ya kijani safi. Kuna mpagazi mmoja tu aliyeharibika, na atakayemjua huyo atakuwa amejua jambo kubwa.

Kila siku ya kumi na nne aliwahamishia kwenye chakula kipya kwa waya wenye kitanzi, la sivyo wangekufa njaa. Ndiyo siri ya zile likizo. Binti yake alipoolewa mbali, alikwenda akarudi siku ya kumi na mbili, miguu imevimba kwa safari. Mumewe, seremala, alilalamika kwamba ameoa mke pamoja na mwani, kisha akamchongea kibao cha kusimamishia mirija ambacho tunakitumia hadi leo.

Sasa nikiri mbele ya wote. Miaka kumi na moja iliyopita, nikiwa na wiki mbili kazini, nilipewa rafu nisafishe. Nikaona mirija kumi na minane ya maji meupe yenye mashapo, nikasema moyoni, hii imekufa zamani. Niliimimina yote kwenye sinki, nikamwagia dawa ya kuua viini, nikapanga mirija mitupu kwa mstari na kujiona mchapakazi. Shangazi alipoingia hakunifokea. Alikaa kwenye stuli, mikono mapajani, akikitazama kile kibao. Kisha akainuka akaelekea getini, nami nyuma yake.

Dirishani mwa kibanda cha mlinzi kulikuwa na mirija mitatu ndani ya kikombe. Tangu agizo la kwanza la kuwatupa, Shangazi alikuwa ameweka akiba pale penye mwanga, na mlinzi aliwaambia wadadisi kuwa ni dawa yake ya tumbo. Mirija miwili ilikuwa imeingia ukungu. Wa tatu ulikuwa na tone la kijani.

Kwa wiki sita aliwalea upya kutokana na tone lile. Mimi alinikalisha kwenye hadubini kila asubuhi niwahesabu, hadi macho yakatoa machozi. Hakuna aliyewahi kunifundisha kazi kama alivyonifundisha yeye wiki zile.

Miaka miwili baadaye mpagazi aliyeharibika alijulikana. Tuliwapa Wazembe jeni nzima, yaani maelekezo ambayo seli hufuata kumtengeneza mpagazi huyo, badala ya ile mbovu, tukasubiri. Shangazi ndiye aliyetangulia kufika asubuhi ile. Maji yalikuwa ya kijani hadi juu. Walikuwa wanaogelea. Alilia, nasi tukalia naye. Jina lake ni la pili kwenye ripoti ya utafiti ule, na aliyesisitiza liwe hapo ni yule mkurugenzi wa maagizo mawili.

Kamati ya kumuaga ilipomuuliza anataka zawadi gani, alitaka mtu wa kuhamisha mirija. Yeye na mumewe wamepanga kukaa miezi mitatu kwa binti yao, kwa wajukuu wawili ambao hawajawahi kukaa na bibi yao zaidi ya siku kumi na mbili. Bila mtu huyo, alisema, haendi popote. Jumatatu aliniita na kuniwekea ule waya mkononi. Niliuliza kwa nini mimi, kati ya watu wote.

"Nakupa wewe," alisema, "maana hapa ni wewe tu unayejua inavyokuwa wakitoweka."

Shangazi, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa macho yako, kwa subira yako na kwa ukaidi wako. Nenda ukakae na wajukuu mpaka wakuchoke. Tunakuombea afya, na siku nyingi ambazo huna haja ya kuzihesabu. Ya kumi na nne ikifika, usishtuke usingizini. Nitakuwa nimeshawahamisha.