Jina la Fundi Klementi

Wasikilizaji wapendwa, ni mimi Mwahija wenu, na leo sauti yangu haina mbwembwe. Tunamkumbuka fundi umeme Klementi Mbonde wa Nangurukuru. Amefariki Jumanne, baada ya kuugua kifua, na tumemzika Tingi. Klementi Mbonde. Lishikeni jina hilo, maana wengi wenu mnamjua kwa jina jingine, na hilo jingine nililitoa mimi.

Alizaliwa vilimani Kipatimu. Umeme alijifunzia misheni. Mkewe, Anjelina, ananiambia hivi: "Siku aliyokuja kwetu kuposa, kabla hajakaa alikwenda kukagua soketi ya baba. Akasema hii itawaunguza. Baba akasema, huyu mpeni mke."

Sasa nifike pale ninapopaonea haya. Ni Julai, miaka miwili iliyopita. Mama yangu mdogo, Bi Mwanaima, ana gesti Kilwa Masoko. Hita yake ya maji ya moto ikawa inajizima. Unabonyeza kitufe, inawaka, baadaye inajizima tena. Akaitwa Klementi. Mimi nilikuwepo, nakunywa chai. Akafungua kifuniko cha hita.

"Mama, humu mna walinzi wawili," alisema. "Wa kwanza ni hiki kipimajoto, kimelala kwenye kibomba katikati ya maji. Maji yakifika nyuzi sitini kinakata umeme, yakipoa kinaurudisha. Cha kwako kimeungua. Vidole vyake vya shaba vimegandana, hakiwezi kukata tena."

"Mbona inajizima?"

"Huyo ni mlinzi wa pili. Maji yakikaribia kuchemka, anakata umeme wote. Na huyu harudi mwenyewe, mama. Anasubiri mkono wa mtu umbonyeze, ili huyo mtu aulize kwanza kwa nini amekata."

Kipimajoto kipya kilipaswa kutoka Dar es Salaam, siku nne. Mama mdogo akamwambia aunge waya moja kwa moja, ampite huyo mlinzi wa pili, maana gesti imejaa wageni. Klementi akakataa. Akasema wageni wachemshiwe maji kwa sufuria. Mama mdogo akasonya: "Fundi gani huyu, kila kitu kesho."

Asubuhi yake nilikuwa na kipindi cha malalamiko. Sikumpigia simu. Sikumuuliza. Nilimtaja kwa jina hapahapa hewani, nikamwita Fundi Kesho, nikacheka. Nanyi mkacheka nami. Kabla ya adhuhuri jina lilikuwa limefika Mchinga.

Akaletwa fundi mwingine, akaunga waya moja kwa moja. Hita haikujizima tena, na sisi tukamsifu. Siku ya nne mama mdogo akafungua bomba anawe. Yakatoka maji yanayochemka pamoja na mvuke, yakamuunguza mkono wa kulia mpaka begani.

Nilimpigia nani simu? Nilimpigia Klementi. Akasema, "Zima swichi kuu. Mkono wa mama uwe kwenye maji ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini. Msimpake dawa ya meno. Kisha hospitali." Alikuja na bodaboda. Hakusema, "Niliwaambia." Mfukoni alikuwa na kipimajoto kipya. Alikuwa amekiagiza tangu siku ile, na hakulifuta agizo hilo hata baada ya kunisikia redioni. Akakifunga, akamrudisha mlinzi wa pili mahali pake, akaondoka.

Mama mdogo alipona, kovu limebaki. Nami nikaapa kumsafisha Klementi hewani. Nikasema kesho. Ikaja wiki, ukaja mwaka, ikawa miwili. Watu wakaacha kumwita kazini, nani amwite fundi wa kesho? Akaweka bisibisi chini, akaenda Tingi kulima ufuta. Mdomo wangu haukuniponza mimi, ulimponza yeye.

Mazikoni, msoma wasifu akasema, "Marehemu, maarufu kama Fundi Kesho." Wachache wakacheka. Anjelina akainuka. "Mume wangu anaitwa Klementi," akasema, akakaa. Mimi nilikuwa nyuma, nimejifunika kanga usoni.

Baadaye nilimwendea, nikamwomba radhi sikioni. Akanijibu taratibu: "Dada Mwahija, hapa nimekusikia mimi peke yangu. Jina lile ulilisema redioni. Kaliondolee hukohuko."

Basi niko huku. Anjelina, pamoja na watoto na ndugu wote wa Kipatimu na Tingi, poleni sana. Mungu ampumzishe. Mlimpoteza Jumanne, lakini mimi niliwapunguzia heshima yake miaka miwili kabla, na nakiri hilo mbele ya wote wanaonisikiliza.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, hita yako ikijizima, usikimbilie kitufe. Uliza kwanza kwa nini. Na mtu akikuambia haiwezekani leo, muulize kwa nini, kabla hujampa jina.

Anaitwa Klementi Mbonde. Hakumchelewesha mtu hata siku moja. Fundi Kesho ni mimi.