Walisema Nimemuua Mume Wangu

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, maana leo nasimama mbele yenu nikiwa sijainamisha kichwa. Mimi ni Aikande, mkulima wa kahawa hapa Machame, mjane.

Mume wangu aliugua ini muda mrefu, akafariki hospitalini. Msiba haujaisha, shemeji yangu Elia akatuma sauti kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: "Yule mwanamke amemwekea ndugu yetu sumu." Sauti ile ikafika hadi sokoni. Nikikaa kanisani, watu wanahama benchi. Binti yangu akarudi kutoka shule akaniuliza, "Mama, ni kweli ulimuua baba?"

Ndugu zangu, nilitamani kufa.

Nilinyamaza kwa miezi, nikidhani kunyamaza ndiyo imani. Nikaomba, nikalia. Mama mchungaji akanikuta shambani. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Mungu amekusikia. Sasa twende mjini kwa wakili."

Pale Moshi, wakili, dada mpole, aliisikiliza sauti yote. Akasema, "Mama, hii ni kashfa. Mtu akisambaza uongo wa kukuvunjia heshima, sheria inakuruhusu kumshtaki. Na akidai alisema kweli, ni yeye atakayetakiwa kuthibitisha, siyo wewe."

Siyo mimi! Miezi yote ile nilikuwa nahangaika moyoni kutafuta namna ya kuthibitisha kwamba sikuua. Hapo ndipo Bwana aliponitua mzigo.

Tulifungua kesi, tukapelekwa kwanza kwenye usuluhishi. Msuluhishi akamuuliza Elia, "Uliona nini?"

Akasema, "Sikuona kitu. Nilikuwa na uchungu, nikatafuta wa kumlaumu."

Nilimtazama. Ana mdomo kama wa marehemu. Hasira ikanilegea. Ningeweza kudai fidia, lakini nikasema nataka aseme kweli kwa watu wale wale aliowaambia uongo. Akakubali. Alituma sauti nyingine kwenye kundi, na Jumapili akasimama hapa hapa akaniomba msamaha. Binti yangu alikuwepo, akasikia kila neno.

Wapo ambao bado wananitazama kwa mashaka. Mahakama haifiki mioyoni mwa watu. Huko namwachia Mungu. Lakini jina langu limerudi, namshukuru.

Na wewe unayelia peke yako kwa uongo uliosemwa juu yako, mtumaini Bwana, halafu inuka ukadai haki yako. Kama unaogopa kwenda, nipitie nyumbani. Nitakusindikiza.