Mkasi Apewe Wifi Yangu

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe, kaka mtu, zima hiyo redio, maana sauti iliyonibakia ni ndogo na sitaki kuigombania na mtangazaji. Dada yako akae huku kushoto, kwa sababu upande wa kulia hata akinishika sitajua. Daftari la kijani liko chini ya mto. Litoe, mwanangu, uandike ninavyosema, wala usinipambie maneno.

Nyumba hii ni yenu wawili, sawa kwa sawa. Meza ya kuandikia ni ya kaka, kabati la vyombo ni la dada, na picha za ukutani msigawane, zikae pamoja, nyuma ya kila moja nimeandika ni nani na mwaka gani. Chumba cha uani si chenu. Najua mmeshakipima mkitafuta mpangaji. Nimelala, sijafa, na nilikusikia, kaka mtu, ukisoma futi kwa sauti. Chumba kile ni cha shangazi yenu. Baba yenu aliniambia mbele yake, siku nne kabla hajafariki, "Dada yangu asitoke humu," nami nikajibu hatatoka. Miaka mitatu baadaye nikamtoa mimi mwenyewe. Ninyi mnajua alivyoondoka, lakini sababu mnayoijua si sababu.

Sikilizeni basi, na msinikatize.

Ule mmea wa maua pale dirishani baba yenu aliuleta kutoka kazini, kwenye kiwanda cha chapa, mche mdogo umefungwa kwa kadi za harusi zilizoharibika wino. Ndiyo maana akauita Bibi Harusi, na jina likamkaa vizuri, kwa sababu kila mwaka alitungojesha sote: mawaridi yanachanua, yanapukutika, bustani nzima inabaki majani matupu, halafu ndipo yeye anatoka, maua meupe yenye doa jeusi katikati. Miaka minne baba yenu alimtunza peke yake. Mimi nilikuwa na mawaridi yangu, na yale mengine sikuyatazama mpaka yachanue.

Alipofariki nikauchukua mkasi wa kupogolea. Mnanijua, kazi ya nusu nusu siipendi. Nikachagua siku moja ya mwaka, mawaridi yakishakwisha, nikawa napogoa kila kitu kwa pamoja, uzio, mawaridi na Bibi Harusi, vyote usawa mmoja kama vimepigwa rula. Mwaka ule hakuchanua. Wa pili hakuchanua. Ndipo nikamwona shangazi yenu anamwaga maji ya kufulia pale shinani.

"Wifi," nikamwambia, "hayo maji ya sabuni unayapeleka wapi?"

"Namwogesha bibi harusi, wifi. Huenda ananuka, ndiyo maana bwana haji."

Ninyi mlicheka mpaka mkakaa chini. Mimi sikucheka.

Mwaka wa tatu, mmea ulipokaa kimya tena, nilimwambia mezani, mbele yenu, chakula kikiwa bado cha moto: "Kaka yako alikufa hospitalini mara moja. Mara ya pili umemuua wewe, kwa beseni lako." Nilidhani atanijibu kwa mzaha, kwa sababu hakuwahi kukosa neno la kumjibu mtu. Alifuta kijiko chake, akakiweka, akasema, "Haya, wifi." Jioni ile akafunga cherehani yake kwa shuka. Wewe, mwanangu wa kike, ulilia getini nikakutuma ukaoshe vyombo. Hiyo ni miaka tisa.

Mwaka huu nilianguka bafuni wiki mbili kabla ya siku ya mkasi. Mkasi ukabaki kwenye msumari wake. Mkanisogezea kitanda dirishani ili nipate hewa, na asubuhi moja nikaona ua moja. Kesho yake matatu. Wiki ilipoisha yalikuwa kumi na moja. Nilingoja nifurahi, sikufurahi. Nikangoja nilie, machozi nayo hayakuja. Niliyahesabu tu, kama mtu anayehesabu vigae vya dari.

Halafu nikakuomba daftari hili. Kila mwaka wa baba yenu nimeandika mimi, kwa mkono wangu: *Amepogoa leo. Mvua bado.* Na mwaka wangu wa kwanza nimeandika: *Nimepogoa leo, mawaridi yamekwisha. Bibi Harusi ana vijidonge vya kijani kwenye ncha za matawi. Nadhani ni ugonjwa. Nimevikata vyote, nikavichoma moto.* Mwaka wa pili vivyo hivyo. Wa tatu nimeongeza: *ugonjwa wa sabuni.* Miaka kumi na miwili, wanangu. Vijidonge vile ndivyo maua yenyewe.

Usiniambie nipumzike. Wiki tatu nimepumzika na jambo hili, nikitaka nife nalo, kwa sababu katika nyumba hii mimi ndiye niliyejua tarehe.

Andika hapo chini, ukurasa huu huu: *Sabuni haikuua kitu. Aliyekata ni mimi.* Nipe kalamu nitie alama kwa mkono huu wa kushoto. Imepinda, lakini iache hivyo.

Kesho asubuhi nendeni wote wawili. Anakaa nyuma ya duka la vitambaa anaposhona. Msianze na habari ya ugonjwa wangu, asije kwa huruma. Msomeeni kwanza ukurasa huu, wote, na pale kwenye "sabuni" msipite haraka. Mpeni ufunguo wa chumba. Mpeni na mkasi, ni wake kuanzia leo, na mmea ni wake. Akitaka kuutunza, mwambieni apogoe kabla ya mvua. Akitaka kuukata mpaka shinani, mshikieni matawi, msiseme neno. Akikataa kuja, mwachieni ufunguo, mrudi.

Maji... kidogo. Inatosha.

Mungu awape moyo wa kuulizana kabla ya kulaumiana. Awape vizazi vitakavyowacheka mkiwa hai, mkasikia. Nimewaridhia wote wawili. Na yeye pia... mwambieni, kama ataipokea radhi yangu.

Dirisha msifunge. Yamebaki mangapi? Hesabu wewe, mimi naona weupe tu.

Na wifi akija... nikiwa bado nipo... msimkalishe pale kwenye kiti kizuri. Mleteni huku. Kushoto.