Upendo Wangu Hakukosea Kitu

Wapendwa, Bwana apewe sifa, na apewe hata na sisi ambao vichwa vyetu bado vina ukungu! Mimi ni Mama Upendo, nakaa Hale, kwetu ni Sindeni kule Handeni. Upendo ni binti yangu niliyemzika masika yaliyopita. Homa ilimshika asubuhi, jioni hatunaye.

Ndugu zangu, tuliporudi kutoka kuzika, dada mmoja wa maombi alinishika mkono akaniambia, "Jichunguze. Mungu hamchukui mtoto hivi hivi." Basi nikajichunguza! Nikafunga, nikatubu dhambi nilizotenda na nisizotenda. Mume wangu Daudi akienda shamba ananiacha kitandani, akirudi ananikuta palepale, sijala, sijaoga, nywele zimeshikana.

Kabla ya hapo nilikuwa namfulia na kumpikia bibi mmoja mzungu, Bibi Hana. Alikuja na mumewe enzi za mashamba ya mkonge, mume akafariki, yeye akabaki, na Kiswahili chake ni cha Korogwe kabisa. Ni Myahudi. Kanisani tunaimba habari za Israeli, nikawa najivunia kuwafulia watu wa Biblia!

Alipoona siji, akanifuata mwenyewe na fimbo yake, anahema. Nikamwamkia shikamoo nikiwa nimelala. Akaitikia, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Nilipokuwa mtoto niliishi geto."

Ndugu zangu, sikuelewa! Kwetu geto ni chumba cha kijana asiyeoa. Akanieleza. Kwao Poland, wakati wa vita kuu ya pili, Wajerumani wa Kinazi waliwakusanya Wayahudi wote wa mji kwenye mitaa michache, wakaizungushia ukuta, getini askari. Ukitoka, risasi. Chumba kimoja kina familia kadhaa, wametenganishwa kwa shuka. Mkate wa kupimiwa, supu ya maganda ya viazi. Waliokufa kwa njaa na homa ya chawa wamelala barabarani, watu wanawapita. Na humo humo watoto wanafundishwa kusoma kwa siri, wanawake wanafua, wanapanga foleni ya maji, wanagombania sufuria! Hilo lilinichanganya. Hata mahali kama pale mtu anagombania sufuria?

Mama yake alimnawisha uso yeye na mdogo wake kila asubuhi. Maji yakiganda kwa baridi, anayavunja kwa kijiko. Baba akachukuliwa kazi ya kulazimishwa, hakurudi. Kisha mwanamke asiyemjua akamtorosha Hana kupitia tundu la ukuta. Mama na mdogo wake wakabaki, wakapakiwa kwenye treni, wakaenda kuuawa.

Nikamwuliza lile lililokuwa linanitafuna: "Bibi, mlimkosea Mungu nini?"

Akagonga fimbo sakafuni. "Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema! Alikosea nini? Niambie wewe!"

Nikasikia mdomo wangu unasema, "Hakukosea kitu." Halafu ukasema, "Na Upendo wangu hakukosea kitu." Nikalia, ndugu zangu! Tangu mazishi sikuwa nimelia.

"Haya," Bibi akasema. "Amka unawe uso."

Akanimiminia maji kwenye beseni, akakaa nyuma yangu akaanza kunichana. Ananiumiza kwelikweli! Siku ile nikala ugali. Daudi aliporudi shamba akasimama mlangoni na jembe begani, machozi yanamtoka.

Sasa nisaidieni, wapendwa, maana nimechanganyikiwa. Nilimwuliza Bibi, "Aliyekutoa kule ukutani si Mungu?" Akajibu, "Sijui, mwanangu. Kama ni yeye, mbona mdogo wangu alimwacha?" Mimi naamini ni Bwana aliyeniinua kitandani. Lakini alimtuma mtu asiye na hakika kama Bwana yupo! Nimempelekea mchungaji jambo hili. Hakuniambia nijichunguze, nami nikamshukuru kwa hilo.

Namshukuru Mungu kwa uzima, namshukuru kwa Bibi Hana, hata nisipojua vinashikana wapi. Na wewe uliyelala huko na mzigo wa dhambi usiyoitenda, inuka umtumaini Bwana. Usingoje mpaka uelewe. Mwambie tu, "Bwana, sikuelewi." Mimi namwambia hivyo kila siku, na hajanifukuza.

Amina!