Tope la Chini ya Daraja

ZAITUNI: Haloo? Nani huyo? Namba siijui.

UWINEZA: Asalaam aleykum, shangazi. Ni Uwineza. Napiga kwa simu ya maabara, yangu imezima.

ZAITUNI: Waaleykum salaam, mwanangu! Sauti inakatika—

UWINEZA: Mtandao huu! Binti yako yuko hapo? Kaze?

ZAITUNI: Iko hapa na tumbo lake. Yewe, anakula huyu! Leo nimemupikia samaki ya mto.

UWINEZA: Wewe? Umepika samaki?

ZAITUNI: Mimi. Tangu mauaji ya tisini na ine sijashika samaki ya ule mto. Lakini mutoto ana hamu, nitafanya nini? Nikasema basi, nimesamehe maji.

UWINEZA: Ameshakula?

ZAITUNI: Anapuliza tu, iko moto—

UWINEZA: Asile! Mwambie aweke chini!

ZAITUNI: Kaze! Acha hiyo sahani! Acha, nasema! [kishindo] Ameacha. Nilijua mimi. Wale watu walitupwa mule majini hawataki tule—

UWINEZA: Hapana, shangazi, nisikilize. Tumepima samaki na tope. Kuna madini ya sumu, kama yale ya ndani ya betri za magari. Yanamfikia mtoto tumboni, yanamharibu akili.

ZAITUNI: Uwi! Yanatoka wapi?

UWINEZA: Huko juu mto unakotoka, yanakuja na maji, kisha yanatulia kwenye tope. Samaki wanachokora tope, wanameza. Na kitu kikishazama mle kinakaa miaka na miaka.

ZAITUNI: [kiti kinaburutwa]

UWINEZA: Haloo? Unanisikia?

ZAITUNI: Kila kitu kinakaa?

UWINEZA: Nasema madini, shangazi.

ZAITUNI: Nimesikia. Mulichimba wapi?

UWINEZA: Sehemu nyingi tu—

ZAITUNI: Wapi, Uwineza?

UWINEZA: Chini ya daraja.

ZAITUNI: Pale walimutupa baba yako.

UWINEZA: Pale.

ZAITUNI: Na hamukukuta kitu? Hata kifungo ya shati?

UWINEZA: Tope tu. Nililichekecha mwenyewe, lote. Wenzangu walilalamika nachelewesha gari, sikuwaambia kwa nini.

ZAITUNI: Ulikuwa unamutafuta.

UWINEZA: Nilikuwa napima, shangazi. Namtafuta, ndiyo. Kila nikizamisha bomba la kuchotea naogopa nitampata, na likipanda na tope tu nalia.

ZAITUNI: Pole, mama. Pole.

UWINEZA: Salio linaisha, inalia hapa. Huyo samaki, hata mchuzi wake Kaze asionje—

ZAITUNI: Tunamwaga sasa hivi. Mutarudi pale lini?

UWINEZA: Jumatatu.

ZAITUNI: Nakuja.

UWINEZA: Ni kazi, shangazi, hawataruhusu—

ZAITUNI: Nitasimama juu ya daraja, sitasumbua mutu. Na hiyo bomba yenu, mwanangu... muishushe polepole.

[Simu imekatika.]

UWINEZA: Ndiyo, shangazi. Polepole.