Kitita cha Taisia

Sogeeni, wanangu. Radi, zima hiyo redio. Ninel, kaa upande huu, jicho la kushoto halioni tena. Pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia maneno.

Kazi yangu mnaijua. Miaka thelathini na miwili nilizunguka viwanda vya mji wetu wa Perm nikifundisha kwamba hakuna Mungu wala roho, kwamba mtu ni maji, chokaa na chumvi kidogo, na akifa amekwisha. Niliamini, na hata leo sijaacha, msidhani kifo kimenitisha. Lakini kuna jambo limenivuruga, na kila nikilishika mwanzo wake, mwisho unaniponyoka.

Mama yenu Taisia alipougua, nilimwambia tuutoe mwili wake kwa wanafunzi wa udaktari, tuwe mfano kwa wengine. Akasema, "Ukiona inafaa, Yevgraf, basi." Ile "basi" nikaichukua kuwa ndiyo. Siku alipokufa, bibi yenu Agafia alifika kutoka kijijini na mishumaa yake, machela iliyombeba iko ngazini, akaniuliza, "Mkwe, mwanangu nitamlilia wapi?" Nikamjibu kama niko jukwaani, "Mama, kilio hakihitaji anwani." Hakunisemesha tena mpaka anakufa.

Mwaka uliofuata, siku ile baada ya Pasaka watu wanapowapelekea wafu wao mayai makaburini, wewe Ninel, ukiwa na miaka tisa, uliniuliza, "Baba, mayai ya mama sisi tunapeleka wapi?" Fokin, fundi bomba wa ghorofa ya juu, akacheka: "Mpeleke maabara, mwalimu, akamsalimie mama kwenye chupa." Nilimpiga. Mbona nilimpiga? Kwa mafundisho yangu mwenyewe, hakukosea kitu.

Sasa sikilizeni. Wiki iliyopita nilitafuta blanketi juu ya kabati nikakuta kitita kimefungwa kwa utepe. Gauni jeupe lisilo na kifungo, ushungi, sapatu za kitambaa, na msalaba mdogo wa bati. Mshono ni wa mama yenu. Wanawake wa kwao hujishonea wenyewe nguo za kuzikiwa, na yeye alishona humu humu ndani, wakati mimi niko kiwandani nawafundisha watu kuyacheka mambo hayo. Hakuniambia. Aliniogopa, au alinihurumia? Radi, wewe ni daktari, usinijibu kwamba ni kitambaa tu. Najua ni kitambaa. Nimeshindwa kukirudisha juu ya kabati.

Ile karatasi niliyosaini, ya mwili wangu kwenda chuoni, iko kwenye droo. Ichaneni. Hapana, ngojeni... wanafunzi nao wana haja... Ichaneni. Nizikeni kijijini, karibu na Agafia, na kitita kikae ubavuni pangu, kimefungwa vilevile. Ninel akitaka kasisi aje, Radi usibishane naye. Mimi sitasikia. Au nitasikia, sijui. Kwenye jiwe jina la Taisia litangulie, ila msiandike kwamba amelala hapo. Hayupo hapo. Hilo nina hakika nalo.

Nyumba ni yenu wote wawili. Fokin mwambieni... mwambieni nilikosa.

Inameni. Mkono hauinuki, Ninel, ubebe wewe, uweke kichwani kwa kaka yako. Hivyo. Na wewe sasa. Mbarikiwe. Msiniulize na nani, wanangu... Mbarikiwe tu.