Kura ya Mama Katika Jimbo Lililofutwa

Shedrack, mwambie yule laoban, bosi wa kiwanda cha Xintang, marobota ya jinzi yasubiri. Careen, niinulie mto. Sogeeni, wanangu, kwa maana pumzi niliyobaki nayo ni ya Mungu, naye ataichukua atakapo. Tangu tulipomzika mama yenu Natalia, mkanileta huku Guangzhou nitibiwe, mmeniuliza kwa nini sitaki kulisikia jina la baba yenu mdogo, Abeli. Leo nawajibu.

Mlizaliwa Jimbo la Nyamisule. Msilitafute, halimo tena kwenye ramani. Lilianza mwaka wa sitini na tano, vijiji kumi na vinne, kutoka kivukoni hadi kwenye kahawa ya misheni, na mbunge wetu wa kwanza alikuwa mwalimu aliyekuja kutushukuru kwa baiskeli, kijiji hadi kijiji, suruali kaifunga kamba vifundoni. Wa pili alituletea zahanati. Siku ya kura tulivaa kama Pasaka, na asiye na viatu aliazima. Ee, lilikuwa jimbo zuri.

Mwaka wa themanini na tano wagombea walikuwa wawili, wote wa chama kimoja, mmoja kapewa alama ya jembe, mwenzake nyumba, kama ilivyokuwa desturi nchi nzima. Mimi nilikuwa mtu wa jembe, Abeli wa nyumba. Nikamwambia, "Nyumba yako ina kunguni!" Naye akanijibu, "Na jembe lako halina mpini, kaka. Utalimia meno?" Tukacheka, tukala sahani moja.

Msimamizi wa kituo nilikuwa mimi, kwa kuwa nilijua kusoma. Mama yetu, macho yake yameshaingia ukungu, akaja kanishika bega, akaninong'oneza, "Nikodemu, niwekee nyumba. Nimelima miaka sitini, jembe limenichosha." Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikaweka alama kwenye jembe.

Jembe lilishinda kwa kura elfu tatu na ushei. Kura ya mama haikuhitajika hata kidogo.

Karani wa kituo alimsikia mama, akaona nilichoweka, akamwambia Abeli, na Abeli akaniuliza mbele ya wazee wa kanisa. Nikashika Biblia, nikaapa kwamba ni uongo. Mama akaniamini. Akamkemea Abeli kwa kunisingizia, akafa amemnunia yeye badala yangu, na shamba la mtoni alilokuwa amemwahidi Abeli akaniachia mimi. Baadaye wakachora mipaka upya, Nyamisule ikaunganishwa na jirani, jina likafa. Tulichogombania hakipo, ugomvi upo. Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wanangu, haya yangu yananuka mpaka China.

Sasa shikeni neno langu. Shamba la mtoni ni la Abeli na wanawe. Shedrack, usinitajie miche uliyoipanda, ni yake pamoja na miche yake. Biashara hii ya huku ni yenu wawili, msije mkaigawana kwa hasira. Mkiweza, nilazeni kando ya Natalia. Msipoweza, nizikeni huku huku, ardhi yote ni ya Bwana.

Careen, nipigie Abeli. Huku ni mchana, huko ng'ombe ndio wanatolewa zizini. Niwekee sikioni.

Abeli? Ni mimi, Nikodemu. Usikate. Ile kura ya mama... niliiweka kwenye jembe. Mimi. Niliapa uongo, ukaubeba wewe.

Abeli?

Yupo, Careen? Hajakata? Basi... ishikilieni simu hapo hapo. Atakalosema lote lipokeeni, hata akitukana, msimjibu. Bwana awabariki, wanangu. Awape... awape ndimi za kweli mapema kuliko baba yenu.

Sema, mdogo wangu. Nakusikia.